Nzi wa Shingo ya Jogoo

Jumanne, 2 Septemba 2025

Ukungu mpaka saa nne. Wateja hawakuja. Kristian kaketi dirishani tangu chai, blanketi magotini, anakodolea barabara. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — lakini mkono wake wa kulia, tangu kiharusi cha mwaka jana, ni mgeni asiyeshika hata kijiko.

Leo kaomba kisanduku chake cha nzi. Si nzi wa chooni! Nzi wa bandia, wa manyoya na uzi, wa kuvulia trauti, samaki wa maji baridi, kule kijitoni juu ya mashamba ya kabichi. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Nimefungua: nondo wamekula kila kitu. Zimebaki ndoana tupu na vumbi. Mume wangu akarudisha kifuniko kwa mkono wa kushoto, polepole. Afadhali angefoka.

Nikamwambia nitamfungia nzi mwingine. Alivyonitazama! Eti mimi, mtu wa Magoma, samaki ninayemjua ni perege tu. Nikamwambia nimewashonea magauni maharusi nusu ya Lushoto, nitashindwa na mdudu?

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeshindwa na mdudu.

Ndoana yenyewe ndogo, ukikohoa imepotea. Nimeibana chini ya mguu wa cherehani, hilo Kristian kalisifu. Uzi nimeupaka nta ya nyuki. Mwili, sufi ya sweta kuukuu. Halafu unachukua unyoya wa kuku, unauzungusha karibu na tundu la ndoana mpaka vinyweleo visimame pande zote kama ufagio. Vyangu vililala. Kristian naye: kaza. Legeza. Umejaza mno, mama, hilo ni godoro! Nikamwambia kama anaona rahisi afunge mwenyewe. Akautazama mkono wake. Nilijuta hapohapo.

Tukamjaribu kwenye beseni. Akazama kama kijiko. Kumbe nimetumia manyoya ya mtetea, hayo hunywa maji. Nzi huyu kazi yake kuelea, trauti amwone juu, apande kumfuata. Yanatakiwa manyoya ya shingo ya jogoo mzee, makavu, magumu. Wa kijivu, kasema. Mtaa mzima jogoo mzee wa kijivu ni mmoja. Wa Mama mkwe.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda kwa Mama. Shikamoo, marahaba, viazi vya kuchemsha. Kabla sijamtaja jogoo yeye kautaja mto — Kristian alishamwambia kwa simu kwamba anataka kurudi kuvua. Kasema mwezi wa tano mwanawe alianguka uani, penye sakafu kavu. Je, mtoni kwenye mawe ya utelezi? Akifa maji nitamjibu nini yeye, na nitamjibu nini Mungu? Akae nyumbani, apone.

Naogopa kuliko yeye, mimi ndiye niliyemwokota pale uani. Lakini hapo dirishani nako anakwisha, polepole, na mimi namletea uji.

Jogoo alikuwa kafungwa mguu kwenye mparachichi. Mama kaingia jikoni kufuata chai. Mikono yangu ikaenda yenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Aibu! Aibu tupu!

Leo Mavuno kanisani. Jogoo alifungwa kwa sababu alishatengwa kuwa sadaka. Kwa ukoo huu hilo haliambiwi mtu: wiki ya Mavuno, mnyama aliyefungwa uani haguswi, ameshakuwa wa Mungu. Hata kumtupia punje unaomba ruhusa. Miaka yote hii nimeolewa hapa, na bado sijui kusoma kamba mguuni mwa kuku.

Mama kaenda madhabahuni amemkumbatia, kitambaa cheupe, shingo wekundu mtupu. Kwaya nzima wakaziba midomo kwa vitabu. Baada ya ibada, kwenye mnada nje, mzee Rubeni akamwinua juu: jogoo wa Mavuno huyu, shingo keshamenywa, imebaki kumtia sufuriani, nani anamtaka? Watu hoi. Mama hakucheka. Akaja mpaka niliposimama, kasema taratibu tu:

"Secilia, umemnyonyoa Mungu."

Nyumbani nimemsimulia Kristian. Kacheka mpaka kikohozi, machozi yakamtoka. Kicheko hicho sijakisikia tangu augue. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kuomba radhi, na jogoo wangu mkononi. Mama kapokea jogoo, kiti hakunipa. Kisha kauliza, na huyo nzi, anaelea? Nikasema anaelea, Mama. Kaendelea kuchambua maharage. Kasema yeye ruhusa hatoi. Ila hatakuja kuzuia.

Nzi mwenyewe sasa — jamani! Kasimama juu ya maji kwa ncha za vinyweleo, tumbo halilowi. Nimempaka mafuta ya mgando kidogo sana. Kristian kampuliza, akazunguka beseni zima. Kasema huyu hata yeye angemla. Mzuri ni huyo mmoja tu, wengine wote vilema.

Jumamosi, 13 Septemba. Mtoni.

Naandika nimekaa juu ya jiwe, ili nisisimame.

Abuu, kijana wa bajaji, katuleta mpaka barabara ilipoishia. Kushuka bondeni kwa matako, sisi wote wawili, heshima tumeiacha juu. Tukaingia majini, nimemshika mkanda kwa nyuma. Baridi ya kung'oa kucha! Anarusha kwa mkono wa kushoto. Mshipi ukamzunguka shingo, ukanizunguka mimi, ukashika kichaka. Halafu mara moja ukaenda sawa. Nzi akatua, akateremka na mkondo. Trauti akapanda, akamtazama, akarudi zake.

Kristian kasema nimwachie. Nikakataa. Kasema nampumulia kisogoni, samaki wanasikia. Kisha bila utani: "Niache nisimame, Secilia. Nikianguka, nimeanguka mtoni, si dirishani."

Vidole havikutaka kufunguka. Nikaachia.

Kaenda hatua kwa hatua, kakata kona, nyuma ya majani. Simwoni. Nasikia maji tu. Ee Bwana, mawe yale.

Kishindo! Samaki au mtu? Nimesimama. Nimeketi. Nimesimama tena —

Anatukana! Kwa Kishambaa, kwa sauti yote, matusi ambayo Mama hajui kwamba mwanawe anayajua. Anayekufa maji hatukani hivyo. Trauti kakata mshipi, kaondoka na nzi. Mkubwa, kasema. Nacheka na kulia, karatasi inalowa.

Sasa anaita nimletee nzi mwingine. Sina! Nina ndoana, uzi, na manyoya mawili kwenye leso. Cherehani iko nyumbani. Nimempigia kelele: nifunge hapa, au nije kwanza nikutoe kwenye maji?

Kasema funga. Nisiharakishe. Yuko sawa alipo.

Naweka kalamu. Ndoana nitaibana kwa meno.