Mupishi Aonje Kwanza

Jumanne, 3 Juni 2003

Imeamuliwa. Houda anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Na mupishi ni nani? Mi. Nani mwingine mutaa huu wa Buyenzi!

Tajudini, ndugu ya marehemu mume wangu, alikuja kuleta habari, kofia mukononi. Alisema upande wa bwana harusi wameomba jambo moja tu: pilau iwe ya Mwanvua. Nikacheka, nikamupa chai. Alipoondoka nikaingia chumbani, nikakaa kitandani. Mupishi asiyeweza kumeza wali. Ya Mungu mengi.

Nguo zangu zote zinaning'inia. Sokoni wanawake wananyamaza nikipita, halafu wanaanza tena. Najua wanasema nini. Sida, ukimwi. Hapa mutu akikonda ghafla hana ugonjwa mwingine. Nimewaambia walinitoa nyongo huko Ulaya. Wengine wameamini.

Ukweli tunaujua mi na binti yangu Raihana. Yeye ndiye alinipeleka kwa wapasuaji wa huko anakokaa, Liège, Ubelgiji, nipunguzwe unene, kwa sababu ya sukari na magoti. Wakanifunga mukanda wa mpira juu ya tumbo, kama mutu anavyofunga shingo ya kiroba. Ndani ya mukanda kuna maji. Wakiongeza, unabana. Wakitoa, unalegea. Wanapitisha sindano kwenye kidude kilichoko chini ya ngozi, hapa chini ya mbavu, nakigusa kama kifungo cha koti. Walisema nirudi mara kwa mara wauangalie. Nilirudi, ndiyo — nilirudi Bujumbura.

Houda ni mutoto wa mudogo wangu marehemu. Nimemulea tangu hajaota meno. Nitamukatalia pilau vipi?

Ijumaa, 6 Juni

Nilijaribu bugali na ndagala, dagaa wadogo. Tonge moja, dogo kama la mutoto. Nikatafuna mpaka mataya yakauma. Likasimama hapa kifuani, likagoma. Nikaenda nyuma ya nyumba kulirudisha.

Nimekaa kwenye kigoda cha mume wangu Massoudi, naandika. Cha chuma. Vya mbao nilikuwa navivunja, kimoja baada ya kingine, na wanawake jikoni wanajikaza wasicheke. Siku moja Massoudi wangu akatoka garage na hiki, amekichomelea mwenyewe kwa vyuma vya Peugeot iliyokufa. Akakiweka katikati ya masufuria, mbele ya watu wote, akasema sasa kaa, mama, hiki kitavunjika siku ya Kiyama.

Alipenda unene wangu yule mwanaume, wacha niseme! Alikuwa anarudi mikono inanuka mafuta ya gari hata baada ya sabuni, tunakula sinia moja. Samaki mukeke alichambua yeye: miiba kwake, nyama kwangu. Jumapili tulikuwa tunashuka ziwani, tunakula samaki wa kuchoma, na nikinyanyuka mchanga unabaki na shimo. Alikuwa ananionyesha lile shimo, anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka wa tisini na tano, vita ikiwaka, alienda kuvuta gari lililoharibika njia ya Cibitoke. Gari lilirudishwa. Yeye apana.

Sasa kigoda kinanibakia pande zote. Mwili ule aliujua yeye. Huu hakuwahi kuuona, na mara nyingine naona nimemukimbia.

Jumatano, 11 Juni

Amekuja mama ya bwana harusi, Fatouma wa Buterere, pamoja na mwanawe Ilyasi. Kijana mzuri, anauza vitambaa, ana aibu. Mama hana aibu hata kidogo. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala kama mutu anayenunua mbuzi. Akauliza nyongo huwa inakondesha hivyo?

Nikaleta juisi. Nikaonja kwanza, nikamupa. Hakupokea mpaka aone koo langu linashuka. Desturi ya hapa kila mutu anaijua: anayeleta kinywaji au chakula anaonja kwanza mbele ya mugeni. Warundi wanaita gusogongera. Zamani ilikuwa heshima tu, tena tulikuwa tunataniana nayo, mupishi anaonja mpaka anamaliza nusu ya sufuria. Nani kama mi! Vita hii imeiharibu. Watu hawaangalii tena heshima, wanaangalia kama umemeza kweli.

Ilyasi aliniambia pembeni, kwa upole, kwamba kaka ya mama yake alikunywa pombe kwa jirani mwaka wa tisini na sita, hakuamka. Tangu hapo mama hali kitu ambacho aliyekileta hajakionja. Nikasema naelewa. Na kweli nilielewa.

Ijumaa, 20 Juni

Kila kitu kinarudi sasa. Ndizi, uji mzito, hata yai. Nikilala, maji machungu yanapanda mpaka puani, na bega la kushoto linauma.

Nikapiga simu Liège. Raihana akauliza kama namukumbuka Béatrice. Namukumbuka, yule Mbelgiji wa kitanda cha pili hospitalini, mucheshi, alikuwa amebandika picha ya keki ukutani aiage. Kumbe mukanda wa kwake uliteleza. Alitapika wiki nzima akidhani ni mafua ya tumbo, wakaukuta umeshuka umelinyonga tumbo, wakautoa haraka. Amenenepa tena, amefurahi. Na mwingine wa chumba kile, mwalimu, wa kwake umekaa vizuri tu, anacheza dansi. Bahati ya mutu na mutu.

Raihana alisema wa kwangu nao pengine umeteleza. Nitafute daktari wa kuchoma sindano kwenye kidude, atoe yale maji, mukanda ulegee. "Mama, usingoje. Tumbo linaweza kuoza likiwa ndani."

Nikamwambia nitaenda baada ya arusi. Mukanda ukilegea leo, je nikilazwa? Nani atapika? Akalia. Nikamukatia simu.

Jumapili, 29 Juni

Nitaandika yote.

Nikaha ilifungwa jana asubuhi, msikitini, vizuri kabisa. Nyumbani mi nilikuwa nimeamka na masufuria. Na nilifurahi, sitadanganya. Harufu ya binzari ikipanda, vitunguu vinaanza kuwa vyekundu, wanawake wanapiga vigelegele hata bila sababu. Nilirudi kuwa Mwanvua wa zamani. Nikakumbuka arusi za kabla ya vita ya tisini na tatu, wakati tunapikia Wahutu wa Kamenge, tunapikia Watutsi wa Ngagara, Muislamu kwa Mukristo, na hakuna anayekuuliza we ni nani zaidi ya mupishi. Waliniita kwa pilau tu!

Saa ya kula ikafika. Masinia yakapangwa kwenye mikeka. Tajudini akatamka, kwa sauti ya furaha, kama alivyotamka miaka yote: "Mupishi aonje kwanza."

Nikapiga magoti mbele ya Fatouma. Nikachukua wali kidogo kabisa, punje chache. Nikatafuna. Macho yote kwangu. Nikasema moyoni, Mola wangu, hii moja tu, ishushe hii moja.

Haikushuka. Ilisimama. Mate yakajaa, kifua kikafunga, machozi yakatoka yenyewe. Nikatabasamu hivyo hivyo. Halafu nikanyanyuka nikakimbia, na sikufika nyuma ya nyumba. Nilitapika pale mulangoni, mbele ya watu wote.

Nikageuka nikaona Fatouma anachukua kawa, anafunika sinia polepole, anaangalia kama imefunika vizuri. Hakunitukana. Akawaambia watu wake twendeni.

Houda akafanya kitu ambacho bibi harusi hafanyi. Akafunua uso, akaja mpaka kwenye mukeka, akafunua sinia, akala. Mukono wenye hina umejaa wali. Anakula anawatazama. "Ni chakula cha mama yangu mukubwa," akasema. "Mi nakula."

Tajudini akala. Majirani nao wakala. Lakini watu wa Buterere waliondoka, na hawakumuchukua bibi harusi. Ilyasi aligeuka mara mbili. Mama yake alikuwa amemushika kanzu.

Mutoto wangu ameolewa na ameachwa mulangoni siku moja. Kwa sababu ya punje chache za wali.

Jumatano, 2 Julai

Nimeenda Buterere kwa taksi. Peke yangu. Mashamba ya mupunga yalikuwa kijani, mazuri, kama hakuna kitu.

Fatouma alinipokea uani. Nikamuomba tuingie ndani. Nikafungua nguo, nikachukua mukono wake nikauweka hapa kwenye kidude. Nikamueleza. Liège, sukari, mukanda, maji, sindano. Nikamwambia sina sida, na sikutia kitu kwenye pilau, na sijawahi.

Alikigusa muda mrefu. Akakizungusha kwa kidole. Halafu akasema: "Huku tumezika watoto kwa njaa. Na we ulisafiri ukafungwe tumbo usile."

Ningesema nini? Magoti? Nilivaa nguo yangu. Nilimwambia tu kwamba mwenye kosa ni mi, Houda hana kosa. Akasema atafikiri. Hakunipa hata maji, na nilifurahi hakunipa.

Kwenye taksi nililia kwa njaa. Njaa ya kweli, ya kutaka sinia nzima na Massoudi upande wa pili.

Jumamosi, 5 Julai

Amepatikana! Daktari Laure, Mrundi, alisomea Ubelgiji, anakaa Kinindo. Aliwahi kuona mikanda hii huko. Alisema kwenye simu kazi yenyewe ni ndogo, sindano tu, lakini nisile kabisa, nisiongeze kitu juu ya kitu kilichokwama, ninywe kwa kijiko. Akauliza mara mbili kama maji ninayokunywa yanashuka. Nikasema yanashuka kidogo. Akasema nije Jumatatu asubuhi, maji yakigoma nije saa ileile, nisingoje hata Jumatatu.

Houda anaosha vyombo na hina yake inafifia. Haniulizi kitu. Jioni Ilyasi alikuja, akasimama kwenye geti, hakuingia. Mama yake bado hajasema neno. Walizungumza kupitia matundu ya geti, mutu na mukewe.

Jumatatu, 7 Julai

Mabomu. Tangu alfajiri. Waasi wamevamia kusini ya mji, Musaga na kuelekea Kinindo. Hakuna gari linaloshuka huko. Watu wanapanda kwa miguu, magodoro kichwani, mama mmoja na jogoo kwapani. Buyenzi inawapokea, kama mwaka wa tisini na tatu. Tumefungua vyumba.

Laure amepiga simu. Amejificha chini ya meza, nilimusikia anapumua. Njia ikifunguka atakuja mwenyewe. Akauliza maji.

Nimemudanganya. Maji hayashuki tangu jana.

Jumatano, 9 Julai

Bado wanapiga. Mudomo umekauka, herufi zinacheza. Houda ananilowanisha midomo kwa kitambaa.

Na sasa hivi — amekuja Fatouma! Kwa miguu, kutoka Buterere, katika vita hii. Na Ilyasi, na mashangazi wawili wa Ilyasi, wale waliokuwa wa kwanza kunyanyuka siku ya arusi. Wamekaa kwenye mukeka sebuleni, mikono mapajani, wananitazama.

Fatouma alipiga magoti kwangu. Yeye, kwangu! Akatoa termosi, akamimina uji wa ulezi kwenye kikombe. Mwepesi kama maji, ameuchuja kwa kitambaa, aliniambia hivyo sikioni. Akaniambia pia kwamba mashangazi hajawaeleza. "Siri ya tumbo lako ni yako. Wao nimewaambia ulikuwa mugonjwa, na leo utakunywa kwangu, basi yataisha."

Halafu akanyanyuka, akanyanyua kikombe mbele ya wote, akaonja. Alimeza. Akafungua mudomo kidogo waone. Yule asiyekunywa kwa mutu, ameniletea, ameonja mbele yangu. Akakiweka kwenye kigoda cha Massoudi, karibu na mukono wangu.

Nikasema nitakunywa akimaliza swala ya adhuhuri. Ndiyo muda nilioupata wa kuandika.

Houda amesimama kwenye mulango wa chumba chake. Begi lake liko miguuni, limefungwa. Hakuna aliyemwambia alifunge. Ilyasi anamutazama yeye, hatazami kikombe.

Nikiwaeleza mashangazi, je wataamini? Mutu anayefungwa tumbo kwa hiari yake, mwaka huu, mji huu? Nisipokunywa, Houda habebi begi; nikinywa uji ukarudi, ni pilau tena. Na Laure alisema nisiongeze kitu juu ya kitu kilichokwama. Alisema hivyo kabisa.

Harufu ya uji nzuri. Ametia tangawizi kidogo, kama mi nilivyokuwa natia. Massoudi angekuwa ameshamaliza na anaomba kingine.

Naona mgongo wa Fatouma kutoka hapa. Amekaa tahiyatu. Kidole kimenyooka. Simu imelala kimya.

Anageuza uso kulia, anatoa salamu. Sasa kushoto.

Kikombe bado kina moto. Nimekishika.