Tundu Nililoziba kwa Leso Yako

Mama Neema wangu,

Kwa miaka saba nimewaficha watu kilichokuwa kikikuumiza kichwa kila majira ya baridi. Wewe mwenyewe nilikuficha ukiwa hai, umekaa mbele yangu, umejifunga kitambaa kipajini. Sasa mapafu yangu yamechoka, daktari hazungumzii tena habari za mwakani, na kesho asubuhi mafundi wanakuja kung'oa ile hita ya gesi ya sebuleni. Nataka uwe wa kwanza kusikia, kabla yao na kabla ya binti yetu.

Wametuma maagizo. Hita isiwashwe, ili waikute imepoa. Mbele yake paachwe wazi mita mbili. Zulia likunjwe, viti vifunikwe, njia ya kutoka mlangoni isiwe na kitu. Neema alikuja kutoka kwake mtaa wa Toongabbie na mashuka makuukuu na hita ndogo ya umeme, akanikataza kugusa chochote. "Dad, kaa tu. I'll do it kesho mapema, before they come." Unamjua mwanao, Kiswahili anakianza, Kiingereza kinammalizia. Akaenda zake kazini hospitalini. Nami nikagusa.

Mama Neema, uchafu! Nilisukuma kabati la vyombo kwa goti, nimeegemea fremu yangu ya kutembelea, nikipumzika kila baada ya hatua. Nyuma yake nikakuta mende waliokauka chali, vumbi lililogandana na mafuta kama ukoko wa sufuria, na nywele, nyeupe, zako. Ukutani juu ya hita masizi yamepanda kama ulimi mweusi. Niliyafuta, yakaning'ang'ania vidoleni, nikayanusa, nikaenda kutapika kwenye sinki. Halafu nikajiona kwenye kioo cha dirisha, mate yananing'inia kidevuni, na nikajua kwamba si mende walionitapisha.

Unakumbuka baridi yetu ya kwanza hapa Guildford? Tulidhani tumezoea, watu wa kutoka milima ya Nyeri. Lakini nyumba hii ilitushinda. Aliyeijenga aliacha tundu ukutani, karibu na dari, lenye wavu, upepo unapita utakavyo. Ukasema, "Mwalimu, hawa watu wanapasha joto nyumba au mtaa mzima?" Nikapanda kiti, nikayazungushia magazeti leso yako ya kujifunga, ile ya kahawia iliyochanika, nikalishindilia lile tundu mpaka likanyamaza. Ulinipigia makofi. Ukanipikia chapati. Jumapili ukawasimulia wenzako kanisani kwamba mume wako ameirekebisha nyumba ya Wazungu.

Hapo nilikosea tu, kama mtu yeyote wa kwetu angekosea. Aliyezoea kuziba nyufa za nyumba ya mbao haulizi tundu ni la nini. Ila mimi nilipaswa kuuliza. Nilifundisha kemia miaka ishirini na miwili. Kila muhula niliwasimamisha wanafunzi wa bweni nikawaonya wasiingize jiko la makaa chumbani: hewa yake ya sumu haina rangi, haina harufu, wala haibishi hodi. Waliikariri kwa wimbo. Wewe pia uliijua, ulikuwa ukinitania nayo kila nilipochelewa kurudi, eti nami nimeingia bila hodi.

Kichwa chako kilianza baridi ya pili. Ulikuwa ukisinzia kitini na kikombe mkononi. Ukasahau jina la mama yako mdogo. Nikakucheka: "Uzee umekuwahi, bibi." Mama Divine, yule jirani yetu Mrundi, hakucheka. Alikuja na akina mama watatu, akaniambia, "Baba Neema, hii kichwa ya Mama si ya bure. Tuiombee." Wakafunga madirisha kwa ajili ya baridi, wakakuzunguka, wakakuwekea mikono hapo hapo mbele ya hita, saa nzima. Ulipoondoka pale ulikuwa umepauka kama unga. Nami nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa nifike penyewe. Majira yale yale Neema alituitia fundi aje kuikagua hita. Wewe ulikuwa kazini, kwa wale wazee uliokuwa ukiwaogesha. Kijana akatoa kipimo chake, kikalia. Akafunga bomba la gesi, akabandika kibandiko chekundu, akanyooshea kidole lile tundu. Kisha akanisemesha kama kiziwi, neno moja moja: "Hewa. Mbaya. Usiwashe. Fungua hapo. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Hebu nirudishie nilivyosema." Mimi! Nikamrudishia, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ile nilikuwa nimetoka Wetherill Park, kwenye ghala la kufunga maboksi ambako hakuna aliyewahi kuniuliza jambo lolote zaidi ya jina, na hata hilo hawakuliweza. Alipoondoka nilikibandua kile kibandiko, nikakichanachana, nikakitupa na maganda ya viazi. Nikalifungua bomba. Tundu sikuligusa.

Ukaja, ukavua viatu, ukauliza, "Fundi amesemaje, Mwalimu?"

"Amesema iko salama."

"Asante Mungu," ukasema, ukaisogelea.

Mwezi wa nane, baridi ya huku ikiwa bado kali, uliinuka kwenye kiti chako mbele ya hita ili ukaepue chai, ukaanguka, nyonga ikavunjika. Hukurudi nyumbani. Hospitali waliandika nimonia, nami nikakishika cheti kile kama mwizi aliyeandikiwa barua ya tabia njema. Sitasema hita ilikuua, sijui. Ninajua kilichokuangusha. Na Neema hajui. Kila mwaka siku kama ile ananiambia, "Ningekuwa pale, Dad." Nami humpapasa mkono. Najichukia, Mama Neema. Najinusa nikiwa kitandani, natamani kukihama kiwiliwili hiki.

Leo nimelifungua tundu kwa mpini wa ufagio. Leso iliniangukia usoni, ngumu, nyeusi, na harufu ya panya. Pipa la taka lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Nimezihesabu. Kisha nimeiweka leso juu ya kiti chako, na barua hii nitaiweka juu yake, Neema aikute kabla ya mafundi. Aisome, awasomee na akina Mama Divine. Wasiniombee kwanza. Wakafungue matundu yao.

Lala salama, mama. Sikuombi unisamehe, maana bado sijamaliza. Utakumbuka kwamba wiki ile aliyokuja fundi nilihamishia kiti changu jikoni, penye dirisha. Nilikwambia nafuata mwanga wa kusomea, ukanionea fahari: Mwalimu na vitabu vyake. Sikuwa nasoma. Kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma na mimi. Nikahamisha kiti changu, chako nikakiacha.

Mumeo,
Baba Neema