Kibofu Kilichochoka Kusukuma

Chang'ombe, Dodoma

Mdogo wangu Issa,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyompa mwanangu Zuhura aniletee imefika, marahaba. Mguu wa shangazi unaendeleaje? Na mtama je, umebeba au jua limeshaula? Huku tupo, ila mimi kaka yako si mzima. Nakuandikia kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Soma peke yako.

Ule upasuaji wa tezi dume nilifanyiwa. Nilijua nikitoka pale nimepona. Siku ya kutolewa mpira wa mkojo nikanywa jagi zima la maji, nikaenda chooni na furaha yangu. Nikasimama. Hola! Tumbo limejaa, linauma, halitoki hata tone. Wakanirudishia mpira. Baada ya wiki mbili tukajaribu tena, ikawa vile vile.

Daktari, binti mdogo tu, akanikalisha. "Mzee, njia tumeifungua, iko safi. Lakini kibofu chako kimesukumana na ile tezi miaka mingi mno, msuli wake umelegea. Hauna nguvu tena ya kukamua mkojo. Nilikueleza kabla ya kukupasua, kipimo kilionyesha." Kweli alinieleza. Mimi nilisikia neno kupona tu. Nikamuuliza, na ningekuja mapema? Akasema, "Pengine sasa hivi ungekuwa unakojoa mwenyewe."

Issa, mapema nilikwenda! Hilo ndilo linaloniua. Miaka ile shida ilipoanza nilikaa kwenye benchi la hospitali na jirani yangu, fundi viatu, mwenye shida kama yangu. Muuguzi, umri wa Zuhura, akatoka akauliza kwa sauti, "Wa tezi dume ni nani?" Nikaona haya, nikamnyooshea kidole jirani. "Huyu hapa, mimi nimemsindikiza tu." Yeye akaingia, akatibiwa, leo hana shida. Mimi nikarudi kwenye cherehani yangu, nikawa nakaza tumbo na kunywa mizizi.

Sasa nimejishonea suruali pana, zenye mfuko wa ndani wa kuficha mfuko wa mkojo unaofungwa kwenye ule mpira. Mimi, fundi wa suti za maharusi! Msikitini nakaa safu ya nyuma kabisa. Shehe kaniambia dini ina wepesi, sina kosa, lakini machozi yananitoka pale pale. Shemeji yako ndiye anayenimwagia huo mkojo. Nami siwezi kumtazama usoni.

Nakuambia haya kwa sababu kwenye arusi ya Zuhura ulitoka barazani mara nne kabla pilau haijaiva, na kila mara ulikawia. Nikakutania mbele za watu kwamba umewaogopa wakwe. Watu wakacheka, nawe ukacheka. Nisamehe, ndugu yangu. Nilijua kilichokukawiza huko uani, maana nami nilikuwa natoka huko huko.

Wasalimie shemeji na watoto. Shangazi mpe shikamoo yangu, mwambie naendelea vizuri, asije akafunga safari na mguu ule.

Umesema utakuja kuniona ukishavuna. Achana na mtama, njoo sasa. Tutapitia hospitali kwanza, tukae benchi moja. Muuguzi akitoka kuuliza wa tezi dume ni nani, usininyooshee mimi kidole. Simama.

Ni mimi kaka yako,
Hamisi