Nimemwongezea mke wangu mita moja ya uongo

Mpendwa mshauri, naomba uninusuru kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo seremala anakuja na msumeno wake, na akishakata, mimi sitakuwa na uso wa kumtazama mke wangu.

Mimi ni fundi wa lifti. Mji wetu mzima una lifti nne, na moja kati ya hizo imegeuzwa stoo ya mafagio, kwa hiyo kampuni ya jijini iliponipigia simu kwamba inataka fundi mkuu wa kuangalia maghorofa kumi na mawili, nilikubali hata kabla hatujamaliza salamu, ndipo nikakumbuka kwamba nina mke, nina mapacha wa miaka minane, nina mama mkwe tunayeishi naye, na kwamba jiji lile kila kitu ni ghali, yaani kodi ambayo hapa inatupa vyumba vitatu vya kulala na ua wa kuanikia nguo, kule inakupa vyumba viwili ghorofa ya tano na dirisha linalotazamana na dirisha la jirani.

Mke wangu ni fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Hakulia wala hakununa, alisema tu, "Baba Mapacha, mimi sihamii nyumba nisiyojua kiuno chake. Nenda kaipime, uniletee namba." Nikaenda, nikapima, na mshauri, sebule ilikuwa na urefu wa mita tatu na nusu, nikapima tena nikidhani tepu imejikunja, ikawa tatu na nusu ile ile, nikaketi sakafuni nikaiwaza meza yake ya kukatia nguo, ambayo peke yake ina mita tatu, nikaona kabisa nitaenda jijini peke yangu, na mkono wangu ukaandika kwenye karatasi mita nne na nusu. Vyumba vya kulala navyo nikaviongezea mita moja moja, ili sebule isionekane imependelewa.

Nilidhani ataisoma ile karatasi, aseme sawa, yaishe. Kumbe mwanamke huyu nimeishi naye miaka kumi na moja na bado simjui. Alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti, akaichora nyumba ya jijini ndani ya nyumba yetu, sebule ndani ya sebule, chumba ndani ya chumba, milango akaiweka kwa vipande vya kitambaa chekundu, halafu akatangaza kwamba kwa wiki mbili tutaishi ndani ya mistari, tukishindwa yeye na watoto wanabaki, mimi nitangulie na niwe nakuja mwisho wa mwezi.

Mshauri, hatukushindwa! Ukikanyaga mstari mapacha wanapiga kelele, "Umegonga ukuta, Baba!" Mama mkwe hapiti bila hodi, anasimama mbele ya kitambaa chekundu mpaka ajibiwe, na juzi jirani alipokuja kuazima pasi akapita katikati ya ukuta wa sebule, mama akamrudisha. "Mwanangu, nyumba ina mlango hii," akamwambia, na jirani wa watu akarudi akapita mlangoni. Kabati kubwa tumempa shemeji. Tunacheka kuliko tulivyowahi kucheka tukiwa na nafasi. Siku ya tisa mke wangu akaniambia, "Ndiyo, tunahama wote," nikamkumbatia, na tangu saa ile chakula hakishuki, kwa sababu naona watu ninaowapenda wakifurahi ndani ya mita ambayo haipo.

Sasa imekuja habari ya meza. Ni ubao mmoja mzima, aliachiwa na bibi aliyemfundisha kazi, na anataka ipunguzwe nusu mita ili pabaki njia ya kupita kati yake na kochi. Ikikatwa kwa namba zangu itakuwa imeharibika na njia isipatikane. Ameniuliza mara tatu, "Baba Mapacha, seremala akate kwa vipimo hivi hivi?" Mara tatu nimejibu ndiyo. Mara ya tatu alinitazama, akasema haya, akaendelea kushona. Mwenzangu wa kazini ananishauri ninyamaze, tukifika kule niseme mwenye nyumba ametubadilishia nyumba. Nifanye nini?

Fundi wa Lifti


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimecheka mpaka nikamwaga chai, kisha nikakuhurumia, kisha nikakasirika, na nakujibu nikiwa hapo hapo kwenye hasira.

Huyo mwenzako wa kazini asisogezwe karibu na ndoa ya mtu. Uongo mmoja umekunyima chakula, yeye anataka akupakulie wa pili! Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wewe umekimbilia sakafuni kwelikweli, na chaki juu.

Hebu niambie, lifti inayobeba watu sita ungethubutu kuibandika kibao cha watu kumi? Usingethubutu, maana unajua nani angeumia. Basi na hapa yupo wa kuumia. Mke wako hakukataa jiji, wala hakukataa udogo wa nyumba. Alikuomba kitu kimoja tu, namba, ili aamue mwenyewe akiwa na macho yake wazi. Hicho ndicho ulichomnyima, na ukubwa wa kosa lako uko hapo, si kwenye mita.

Najua hukudanganya kwa ubaya. Uliogopa kurudi kutoka kazini na kufungua mlango wa nyumba isiyo na sauti ya mtu, na mwanaume anayeogopa kuishi mbali na watoto wake, mke wake na hata mama mkwe wake, mimi simtupi. Ila hofu hiyo ungemwambia yeye. Ungesema, "Mke wangu, nyumba ni ndogo na mimi sitaki kwenda bila nyinyi." Maneno hayo yanatosha kuandikwa nyuma ya tiketi.

Tena nikushtue kidogo. Fundi cherehani ninayemjua mimi humtazama mteja akiwa bado mlangoni akajua bega lipi limeshuka. Mtu wa namna hiyo haulizi kipimo mara tatu kwa kusahau. Siwezi kuapa kwamba anajua, lakini fundi mwenye shaka hupima mwenyewe, na huyu amekuuliza wewe, tena akakutazama. Nadhani anakupa nafasi ya kusema, na wewe umeshaitupa mara tatu.

Kwa hiyo leo, si Jumatano, mwambie. Mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili, mama mkwe atasikia kwa binti yake na wewe utavumilia. Usianze na "unajua mke wangu maisha haya". Anza na namba, "Sebule ni mita tatu na nusu, niliongeza moja, niliogopa." Ukishasema hivyo funga mdomo. Akinuna, mwache anune, ana haki. Akisema ulale sebuleni, lala, na uangalie miguu isitokeze ukutani.

Akishatulia, futa ile mistari kwa mkono wako mwenyewe, uchore ya kweli mbele ya wote, na uwaambie mapacha kwa nini. Watoto wakimwona baba anarekebisha kosa lake hawapungukiwi na heshima. Halafu ombeni wiki nyingine ya kujaribu. Kampuni iliyokutafuta kwa simu itakusubiri siku saba.

Meza isikatwe. Seremala aje, ila aache msumeno nyumbani, alete bawaba. Ukuta wa mita tatu na nusu unabeba ubao wa mita tatu, na ukifungwa kwa bawaba unainuliwa wakati wa kukata kitambaa na kushushwa kazi ikiisha. Ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Ungesema ukweli siku ya kwanza, mke wako angeshaligundua hili kabla yangu, maana fundi ni yeye.

Na akikataa kuhama? Hapo ndipo unapoogopa, nakuona. Akikataa, tangulia peke yako miezi mitatu, piga simu kila jioni, tafuta nyumba nyingine kwa subira, upime kwa tepu na si kwa moyo. Itauma, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Mke aliye mbali anayekuamini atakuja, na aliye karibu asiyekuamini ameshaondoka.

Ile "ndiyo" ya siku ya tisa alikupa kwa nyumba ambayo haipo duniani, kwa hiyo, Fundi, bado hujajibiwa. Nenda kamuulize.