Oili Niliyoiacha Ndani ya AC

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku tu wazima. Presha ya mama imetulia, anakusalimu sana na kila siku anauliza utakuja lini. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nakuandikia kuhusu gari lako kuukuu ulilotuachia la kumpeleka mama kliniki. AC ilipokufa, uliniagiza nilipeleke kwa rafiki yako Fundi Barafu aibadilishe itumie gesi mpya, maana ile ya zamani haiuzwi tena. Ukaniambia nikilichokonoa tena mwenyewe, utaliuza.

Wiki ile kompresa ya AC ilipokwama na mkanda kukatika, gari lilisimama, mama akakaa juani barabarani saa nzima, kitambaa cha maji kichwani. Nikakupigia nikasema Barafu katuharibia. Ukamtolea maneno makali, na mpaka leo hamsalimiani.

Kaka, Barafu hakuligusa. AC niliibadilisha mimi, pale uani, kwa kutazama video kwenye simu. Nikafunga viungio vipya, nikajaza gesi mpya. Wale wa video waliposema lazima kwanza umwage oili yote ya zamani kwenye kompresa, nikaona wananipotezea muda. Oili si oili tu? Kumbe ile haichanganyiki na gesi mpya. Siku nne ilipuliza baridi, nikatamba mtaa mzima. Siku ya tano kompresa ikawa inazunguka kavu. Aibu yote ni yangu!

Jana nilikwenda karakana kumwomba radhi. Barafu hakuacha hata kufuta spana zake. Akasema alijua tangu gari lilipovutwa kwake, alipofungua bomba akaona oili ya zamani. Nikamuuliza kwa nini basi aliyameza matusi yako. Akasema wewe ukikasirika hutanii, ungejua ni mimi ungeliuza gari kweli, na mama angefika kliniki kwa miguu ya nani? Nilitamani ardhi ipasuke, kaka. Mtu baki kamfikiria mama yangu kuliko mimi.

Gari ukitaka kuliuza, liuze, haki yako. Mama nitambeba hata mgongoni. Ila usinipigie mimi kwanza. Mpigie Barafu.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie nampa pole kwa kuwa na shemeji kama mimi.

Ni mimi mdogo wako,
mliyezoea kumwita Mjuaji