Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Mwendo Ule wa Zaventem

Mpendwa mama mkwe,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na mbele ya ukoo wote uliokusanyika sebuleni kwako Lubumbashi, natangaza rasmi kwamba Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, mkwe wako alikabidhiwa diploma. Ina muhuri. Ina sahihi mbili. Clémentine ameitundika ukutani, katikati ya picha ya harusi yetu na kalenda ya parokia, na jirani wa mlango wa pili alikuja kuitazama amevaa miwani.

Ni diploma ya kwenda polepole.

Cheka tu, mama, hata mimi nilicheka. Hapa Ubelgiji mtu akikimbiza gari kupita kiasi, serikali haimtukani wala haimwombi pesa ya soda. Inamwandikia barua. Barua ya kwanza ina heshima nyingi. Ya pili, heshima imepungua. Ya tatu inamwita mahakamani. Hakimu aliniuliza nachagua nini: kunyang'anywa permis, leseni yangu ya kuendesha, kwa majuma sita, au kukaa darasani Jumamosi tatu nifundishwe upya kuendesha. Nawe unajua kazi yangu, kubeba mashuka ya hospitali kwa camionnette, gari dogo la mizigo, kutwa nzima, kule Jette. Bila permis ningeyabeba kichwani. Nikachagua darasa. Nina miaka arobaini na saba, na nilinunua daftari jipya.

Lakini si diploma iliyonishikisha kalamu. Ni maneno yako.

Clémentine alipokupigia simu kukuambia kwamba mtoto wa pili atazaliwa kabla ya Pasaka, ulipiga vigelegele hadi mimi niliyekuwa jikoni nikavisikia. Akakuomba uje, kama ulivyokuja alipozaliwa Micheline, mtoto wetu wa kwanza. Vigelegele vikakatika. Ukasema: "Sitarudia kule. Papa Micheline alinipeleka ku avion sawa muntu anarudisha casier ya machupa."

Nilikupeleka kwenye ndege kama kreti la chupa tupu, mama! Na kila anayezijua baa za Lubumbashi anajua mtu anavyolirudisha: mbio, bila kuaga, macho yote kwenye lile lililojaa. Clémentine alikata simu, akaniangalia, akaenda kukunja nguo za mtoto. Tangu siku hiyo anazikunja zilezile kila jioni. Anakuhitaji. Mimi naweza kumpikia na kumsugua miguu, lakini kuna mambo ambayo mwanamke aliyejifungua huambiwa na mama yake tu, na simu ya ng'ambo haitoshi.

Bon. Kwa kuwa mashtaka yalisomwa mbele ya familia, na utetezi usomwe mbele ya familia. Kwa mdomo nisingeweza, unajua. Karatasi haina macho.

Wacha kwanza niwakumbushe waliokaa hapo jinsi tulivyoishi miezi ile mitatu, mimi na wewe, katika nyumba yetu ya Evere, ghorofa ya nne, vyumba viwili na korido nyembamba kama soksi. Nyumbani, ua ni mkubwa. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja, anapinda kulia, heshima imetimia. Hapa ningepinda wapi? Ukikohoa chumbani kabla ya kutoka, mimi nilijifungia chooni. Nikikohoa mimi, wewe uligeukia ukuta na kujifanya unasoma kalenda. Ulipokuwa kwenye lifti, nilipanda ngazi, na nikifika juu nahema kama mbuzi wa mnada Clémentine alikuwa anauliza: "Mama ameshaingia?" Nilipungua kilo nne kwa heshima yako.

Na Micheline! Tulivyokuwa tunapokezana yule mtoto! Mimi namlaza katikati ya kochi, narudi nyuma hatua tatu, naangalia dirishani. Wewe unakuja, unamchukua, unaondoka. Daktari wa watoto alipouliza kama mtoto analala vizuri kwenye kochi, Clémentine alishindwa kumweleza.

Maneno yote yalipita kwa Clémentine. "Ambia papa Micheline, sombe iko na pilipili kidogo." Naye ananiambia, ingawa nimekaa palepale mbele ya hicho kisamvu na nimesikia. "Mwambie mama sombe ni nzuri mno." Naye anageuka kukuambia. Mpaka siku moja akapiga meza: "Mimi si central ya telefone!" Tulicheka sote watatu, wewe umejifunika kitenge, mimi nimeinamia sahani. Naikumbuka siku hiyo kuliko Krismasi.

Alors, siku ya safari yako ya kurudi. Clémentine, ambaye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa, alinyimwa ruhusa asubuhi ile, mwenzake aliugua. Micheline alibaki kwa mlezi. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yako, tukawa wawili tu, ndani ya sanduku la bati lenye magurudumu. Uliketi nyuma, upande wa mbali kabisa na mimi. Na mimi, kwa kuwa kioo cha katikati kilikuwa kinaniletea uso wako wote, nikafanya ambalo mkwe yeyote mwenye malezi angefanya. Nikakigeuzia juu.

Njia ya kutoka Evere kwenda Zaventem, kwenye uwanja wa ndege, ni fupi, pana na imenyooka, inamshawishi mtu. Tulipoianza, ulijua huna wa kumpitishia neno, basi ukamgeukia msafiri mwenzako aliyekuwa magotini kwako. "Sakoche," ulimwambia mkoba, "ambia papa Micheline aende pole pole. Avion iko midi."

Nikaujibu usukani: "Mwambie mama nimesikia."

Nilisikia, ndiyo. Na dakika chache baadaye nilikuwa kwenye tisini na sita, mahali pa sabini.

King'ora nilikisikia pia. Nilidhani ni waziri anapita, nikasogea kulia kwa adabu ili nimpishe. Waziri akasogea nami. Kumbe ni jandarme, polisi wa pikipiki, mwenye masharubu na uvumilivu mwingi. Nilisimama, akaja dirishani.

"Bwana, nakumulikia taa tangu kwenye mzunguko. Hukuniona?"

"Hapana, chef."

"Kioo chako kinatazama wapi?"

Nikakiangalia. "Kinatazama juu, chef."

"Na huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nyuma ndiko kuna mama mkwe."

Akainama, akakutazama, kisha akanitazama mimi. "Hata mimi ninaye," alisema. "Lakini vioo vyangu naviacha mahali pake."

Na wewe, mama, katikati ya msiba huo, ulifungua mkoba. "Sakoche, uliza huyu polisi kama amekula asubuhi." Ukatoa yai la kuchemsha, ukamnyooshea. Ikabidi nitafsiri maneno ya mkoba kwa Kifaransa. Jandarme alirudi nyuma hatua mbili. "Madame, hiyo inaitwa rushwa!" Nikatafsiri. Ukashangaa: "Sakoche, mwambie ni yayi tu." Nilimwona mtu yule akiuma masharubu asicheke. Hakulichukua. Lakini aliandika polepole sana, kwa mwandiko mzuri, na mwisho akakupigia saluti wewe, mimi akanipa karatasi.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Kila aliyeniuliza kwa nini nilikimbia, nilimjibu neno moja: ndege. Tulikuwa tunachelewa ndege. Nilimwambia jandarme, nikamwambia hakimu, na jioni ile nikamwambia Clémentine. Hakimu aliandika. Clémentine akahesabu.

"Avion ilikuwa saa ngapi?"

"Midi, saa sita mchana."

"Mliondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Kutoka hapa mpaka Zaventem ni muda gani?"

"Robo saa."

"Donc?"

Nikanyamaza. Na mwanamume akinyamaza mahali pa jibu, watu humjazia. Ninyi huko mkajaza: papa Micheline alichoka kujifungia chooni, alitaka nyumba yake. Siwalaumu. Hesabu inaonyesha hivyo hivyo.

Darasa lilikuwa Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa wakosaji wanane na mwalimu mmoja, Madame Lutgarde, mwenye sauti ya mtawa na viatu vya mpira. Alitudondoshea rula tuidake kwa vidole, ili tuone jinsi mkono unavyochelewa kulifuata jicho. Wenzangu waliidaka katikati. Mimi niliidaka sakafuni. Alituchorea ubaoni umbali ambao gari huenda kabla halijasimama, tisini na sita dhidi ya sabini, na katikati ya mistari miwili akachora mtoto mdogo mwenye mpira. Hapo hakuna aliyecheka, mama. Nilimwona Micheline na kofia yake nyekundu. Nakuapia, diploma ile nimeistahili. Siku hizi baiskeli zinanipita.

Jumamosi ya tatu alituzungusha viti duara, kila mmoja aseme kwa nini alikimbia. Wa kwanza alikuwa Driss, mwoka mikate wa mtaa uleule.

"Mkate haungoji, madame."

"Hiyo ni sababu ya kumwambia hakimu. Nataka ile ya kweli."

Driss akakuna kichwa. "Ya kweli, redio ilikuwa inapiga wimbo mzuri."

Tulicheka mpaka viti vikalia. Ikafika zamu yangu. Nikasema: ndege. Madame Lutgarde akainamisha kichwa. "Ndege ilikuwa saa ngapi? Mliondoka saa ngapi?" Nikajua kwamba wanawake wote wa dunia wamesoma hesabu kwa mwalimu mmoja. Na kwa kuwa pale hapakuwa na mtu wa ukoo, wala wa parokia, wala wa Lubumbashi, niliwaambia ukweli ambao sijamwambia hata mke wangu.

Hawakucheka. Driss akasema: "Ndugu yangu, sisi tutaipeleka wapi habari hii? Mwambie mwenyewe."

Nikamweleza kwamba mimi na wewe hatuzungumzi.

"Basi andika, bwana! Kalamu nayo inahitaji permis?"

Sasa anayekusomea barua hii aishie hapa. Aseme amina, awape watu chai. Karatasi inayofuata nimeikunja peke yake na kuibandika. Chukua miwani yako, ingia chumbani, uisome mwenyewe.

Mama,

Uliponiambia niende polepole, nilikuwa naenda polepole. Nilikuwa kwenye sitini. Kisha ukanyamaza, nikadhani umesinzia. Halafu nikakusikia.

Ulikuwa unalia. Si kilio cha msiba, chenye sauti na majina ya watu. Ulilia kama mtu anayejificha, pumzi ikiingia kidogo kidogo, na mara moja, chini kabisa, ulisema: "Micheline wangu."

Sikujua la kufanya. Mtu mwingine angesimamisha gari, angegeuka, angekushika mkono. Mimi sina ruhusa hiyo. Nimelelewa hivyo, nawe umelelewa hivyo. Nikisema pole, utajua nimesikia, na ukijua nimesikia utaona haya njia nzima, mpaka Kinshasa, mpaka nyumbani. Nikinyamaza, ninakuacha ulie peke yako nyuma ya shingo yangu, wewe uliyenikandia mtoto kwa maji ya uvuguvugu miezi mitatu bila kulalamika. Nilijaribu kukohoa. Kikohozi kilitoka vibaya.

Ndipo nikamkumbuka Maman Odile, rafiki yako wa kwaya ya parokia yetu hapa, aliyeahidi kutungoja mlangoni uwanja wa ndege akuage. Yeye anaweza kukukumbatia. Yeye anaweza kusema "lia, dada, lia." Nikawaza: nikimfikia Odile, mama atakuwa salama. Mikono sina, gari ninalo. Nikakanyaga.

Hiyo ndiyo sababu, mama, hakuna nyingine. Kwa hakimu nilidanganya kwa sababu ukweli ulikuwa machozi yako, na hayakuwa yangu ya kuyatoa mahakamani. Kwa Clémentine nilidanganya kwa sababu angelia naye. Wewe ulilia kwa kutuacha, na mimi sikuwa nakuondoa nyumbani kwangu. Nilikuwa nakukimbiza kwa mtu anayeruhusiwa kukufuta machozi.

Na nilikamatwa bure. Jandarme alipomaliza kuandika, ulikuwa umeshajipangusa kwa kitenge na kugawa mayai. Tulifika, Maman Odile akakukuta mkavu, akasema umependeza. Sikupata nafasi ya kumwambia chochote.

Uwe na amani, mama, na usimjibu mkwe. Mpigie binti yako, umtajie siku ya kuja tu. Tutakuja kukupokea.

Mkwe wako anayekuheshimu,
papa Micheline