Mbuzi wa Rwamba Wasinisubiri

Bwenini, Kaaga, Meru
Jumatano asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa, Mama Rwamba, huko Ishiara,

Pokea salamu za ndugu yako Namu, ambaye bado ana meno yake yote na hajakohoa hata mara moja. Goti la mama linaendeleaje? Na ndengu zilikubali mwaka huu, ama wadudu walitangulia? Joto la huko nalitamani, dada. Baridi ya Kaaga si ya kusimuliwa. Jogoo wa huku anawika akiwa amejifunika, na ukungu wa asubuhi unaweza kuukata kwa panga ukajaza gunia.

Najua umeshangaa kupata barua kama zile za enzi za baba. Simu yangu ilianguka ndani ya sufuria ya githeri, ikaiva kabla ya mahindi na maharagwe. Halafu maneno haya nataka yasomwe mbele ya wazee, na neno la simu wazee hulisahau kabla chai haijapoa. Barua hii namkabidhi dereva anayetuletea mboga kutoka huko. Ameniahidi ataianika juani kwanza, kwa hivyo ishike bila hofu.

Kwanza, asante. Njue mdogo wetu alimpigia huyo dereva akamweleza kwamba umewasimamisha wakwe mara ya pili kwa sababu mimi, mjomba wa Rwamba, sijafika. Dada mwingine angesema, "Namu naye ni nani?" Wewe ulishikilia kwamba kwetu mbuzi wa mahari hawavuki lango kabla ndugu ya mama hajasimama hapo. Umeniheshimu kuliko chifu. Lakini nimesikia pia wanavyonung'unika hao Wameru wako: eti mjomba Mmbeere amejificha makusudi ili mbuzi waongezwe, na baba ya Kinoti, mchumba wa Rwamba, amesema akirudishwa tena Jumamosi hii, kijana wake ataoa kwingine. Niliposikia hivyo, chakula kilinikataa. Mimi, chakula kunikataa! Unajua jambo hilo halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Sasa wacha nikueleze nilivyofungiwa. Unajua mimi ndiye mpishi mkuu wa shule hii. Kuna mwingine anayeitwa mkuu, lakini ugali unanijua mimi. Wanafunzi walipotumwa nyumbani kwa sababu ya korona, tulibaki sisi wa jikoni, walinzi na mafundi. Mtu aliyetuletea kuni akapatikana na ugonjwa. Kesho yake sisi wote tuliokuwa karibu naye tukaingizwa kwa mabweni, kila bweni na watu wake, na nje akawekwa askari.

Hatukuteswa, dada, usije ukamwambia mama vingine. Chakula kinaletwa, blanketi ziko. Shida ilikuwa moja. Tukiuliza, "Tutatoka lini?" tunajibiwa, "Subirini." "Tunasubiri nini?" "Subirini mtangaziwe." Redio nayo ni wimbo huo huo: kafyu itaendelea hadi serikali itakapotangaza vinginevyo. Hata nyinyi, soko lenu la mbuzi limefungwa. Kuna aliyewaambia wakubwa wanangoja kuona nini ndipo walifungue?

Mtu akinyimwa sababu, anajishonea yake. Bwenini mwetu tulikaa kikao, nami nikiwa mwenyekiti kama kawaida, tukakata shauri kwamba kipimo lazima kiwe kikohozi. Bweni lisilokohoa ndilo litakalofunguliwa. Ikawa ni vita. Tangawizi tulitafuna mpaka ndimi zikachubuka. Lakini tulikuwa na Mzee Mutwiri, seremala wa shule, mtu wa hapa hapa Meru, mpole kama maji ya mtungi, na kifua chake kilikuwa kimeanza kugonga kama nyundo yake.

Tukaunda kwaya. Mzee akisikia kikohozi kinapanda, anainua kidole. Mimi naanzisha wimbo wa kanisani kwa ile besi yangu inayolegeza misumari ya mabati, wengine wanadakia, na mzee anakohoa ndani ya kibwagizo. Tuliimba vizuri, dada, kuliko kwaya yenu ya Ishiara na ile ya Manyatta mkiziunganisha. Askari alikuwa anakuja dirishani kusikiliza. Siku moja alipangusa machozi, akasema hajawahi kuona watu wenye imani namna hii. Bweni la pili walikuwa wanapiga kelele, "Ninyi wa jikoni! Tuimbieni ile ya Pasaka!"

Juzi Jumatatu akaja Daktari Nkirote, msichana mfupi wa Kimeru mwenye sauti ndefu. Akasimama mlangoni na barakoa yake. "Muga, wazee," akatusalimu. Tukaitikia. Halafu akaanza, "Naomba muendelee kusubiri..."

Mimi nikasimama. Unajua niliishia darasa la sita, lakini la sita letu lile ni chuo kikuu cha siku hizi.

"Daktari," nikasema, "hatukatai kufungiwa. Sisi wanaume tulifungiwa zamani tulipotahiriwa, wewe ni mtoto wa huku, unajua. Na siku ya kwanza mlezi wetu alitwambia: jeraha likikauka, mzee akalikagua akaridhika, unatoka. Aliyechelewa kupona hawazuii wenzake. Tulikuwa watoto wa kulia usiku, tukaelezwa. Leo tuna ndevu, mnatwambia subirini tu?"

"Mwambie, Namu!" wenzangu wakapaza sauti.

Yeye hakukasirika. "Mzee Namu, nikiwatajia kinachowazuia kutoka, si mtakificha? Na huu ugonjwa ni mgeni. Leo wakubwa wangu wanasema hivi, kesho wanabadilisha. Nyinyi mtaniita mwongo."

Hapo alisema neno, nami si mtu wa kubisha bure. Nikamjibu, "Mimi natoka Mbeere. Kwetu tunaambiwa mvua itanyesha na haiji, na hakuna mtu amewahi kuyashtaki mawingu. Ukibadilisha, rudi mlangoni hapa useme, nimebadilisha kwa sababu fulani. Tutanung'unika mpaka jioni, yaishe. Lakini ukituacha gizani..."

Ndipo Mzee Mutwiri akainua kidole.

Dada, mdomo wangu ulianza kuimba bila ruhusa yangu. Bweni lote likanifuata. Daktari ametukodolea macho, sisi tunaimba, ubeti wa kwanza, wa pili, na kikohozi cha mzee hakitoki, kimekwama. Tukaishiwa na wimbo. Ndipo kikatoka, kikavu, kirefu, mpaka mzee akashika ukuta.

"Na hiyo," daktari akauliza, "ni sauti ya ngapi?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nidondoke. Hakuna aliyecheka. Mzee Mutwiri akasema, "Binti yangu, usiwagombeze. Nilitaka hawa watoke waone watoto wao."

"Nani aliwaambia kikohozi ndicho kinawazuia?"

"Hakuna aliyetwambia kitu," mzee akamjibu. "Ndiyo tukajiambia."

Daktari Nkirote alikaa pale pale kwenye ngazi. Kisha akasema, "Ningewaeleza siku ya kwanza, ungekuwa umeshatibiwa, baba." Nampenda mtu anayeweza kusema hivyo mbele ya wapishi. Ndipo akatufungulia yote. Kinachotazamwa si kikohozi, ni kile kipimo cha puani. Kila bweni linahesabiwa peke yake. Bweni likipimwa mara mbili na wote wakawa wazima, linaachiliwa hata kama jirani amebaki. Akipatikana mgonjwa, yeye anapelekwa hospitali, na wenzake wanaanza upya. Na sharti likibadilika, atakuja kutwambia yeye mwenyewe, na sababu yake. Jana alikuja tena bila kuitwa, akasema hakuna kilichobadilika. Dada, hata neno hilo tu lilitushibisha.

Mzee Mutwiri alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Namshukuru Mungu na wauguzi, hewa ya mtungi imemsaidia, na jana ametuma neno kwamba uji wa huko ni mwepesi, nitumwe mimi nikawafundishe. Lakini majibu yake yalikuwa ya ugonjwa, kwa hivyo bweni letu limeanza upya. Bweni la pili wanatoka Ijumaa. Sisi hatutoki. Jumamosi ya wakwe itanikuta hapa hapa.

Nilipoelewa hivyo macho yangu yalitoa maji. Ni hii baridi.

Na bado nashukuru, nami nataka unielewe. Kama daktari angeendelea kusema subirini, ningekuandikia nawe usubiri. Wewe ungewaambia wakwe wasubiri, nao wangefungua mbuzi wao wakaenda zao, na Rwamba angebaki analia kwa sababu ya mjomba aliyefungiwa Kaaga. Wanaotufungia sijui kama wanaona hilo: mtu asiyeelezwa anawafungia na wengine wengi ambao hata hawamo bwenini. Sasa mimi nimeelezwa. Najua sitafika. Kwa hivyo naweza kusema, mbuzi wasinisubiri.

Njue mdogo wetu asimame langoni mahali pangu. Kondoo dume ambaye ni haki ya mjomba ampokee yeye, na asimpapase mgongo kupima mafuta mbele ya wageni kama alivyofanya kwa harusi ya binamu yetu. Watu wawe wachache, wakae kwa nafasi, na barakoa. Tena kuna lile la baraka. Kwetu mjomba hunywa pombe ya muratina kidogo akamtemea mtoto kifuani. Mara hii Njue asiteme. Aweke asali safi kwa jani la mgomba, Rwamba ajipake mwenyewe. Na wazee wakiuliza, msiwajibu tu kwamba imekatazwa mkanyamaza. Waambieni ugonjwa huu unasafiri kwa mate, na siku daktari wa huko atakaposema hatari imepita, Namu atakuja kutema mwenyewe, na atatema kama mvua ya Aprili.

Nisalimie mama, umwambie goti alikande kwa maji ya moto, si kwa hasira. Nisalimie shemeji yangu, mume wako, mtu wa subira. Msalimie mke wangu Igoki, ambaye nimemtumia ujumbe wake kwa dereva, na wanangu, wasiuze jembe langu. Kinoti mkwe wetu mwambie sina kinyongo na baba yake. Hata mimi ningenung'unika.

Rwamba mwanangu, ulipozaliwa ni mimi niliyemkimbiza mama yako kwa toroli mpaka zahanati, na ile toroli ilikuwa haina gurudumu. Kwa hivyo usifikiri umbali ni kitu.

Sasa Njue asome hapa kwa sauti, wazee wote wasikie: Mimi Namu, ndugu ya mama, nimelifungua lango. Mbuzi waingie.

Ni mimi nduguyo, mzima wa mwili na mwingi wa shukrani,
Namu wa jikoni, Kaaga